Kastabini Juu ya Redio

Wifi yangu alikaa miezi miwili hasemi na mie, na sababu yake ni kuwa nilisimama. Sikumtukana, sikumnyima kitu, sikumsema kwa watu. Nilikuwa nimekaa kitini kwenye harusi, Nizwa, nikasimama, nikenda mbele kwa mwimbaji, nikarudi nikakaa. Basi.

Nimeshajaribu mara mbili kuyaandika haya katika daftari hili, na mara zote mbili nimechana ukurasa, kwani nikisoma nilichoandika naona nimejipendelea. Sikusoma sana. Nilitolewa skuli darasa la sita, na hiyo ilikuwa skuli ya Kiarabu. Kiswahili cha kuandika nilifundishwa na mama, pembeni ya cherehani yake. Kwa hivyo siamini sana kwamba naweza kupima jambo likawa sawa pande zote. Mara hii nitaanza na haki ya wifi yangu, halafu ndiyo nije kwangu.

Haki yake ni hii. Kwetu sisi tuliotoka Unguja, mwanamke hasimami bure kwenye taarab. Anayesimama akenda kumtunza mwimbaji, hata kwa noti moja iliyokunjwa, anasema kitu, na anachokisema ni ule ubeti unaoimbwa wakati ule. Ubeti ukisifu mapenzi, anajisifia mumewe. Ubeti ukiwa na kijembe, basi kijembe kile amekichukua kuwa chake, na waliokaa karibu wanageuza macho kumtafuta aliyepigwa nacho. Hakuna aliyetuandikia haya. Tumeyakuta kwa mama zetu, na yamevuka bahari pamoja nasi kama zilivyovuka mbuzi za kukunia nazi. Mtu hawezi kusimama, akatunza, halafu akasema alikuwa ananyoosha miguu.

Mwimbaji naye ana kazi yake. Akitunzwa katika ubeti, anaurudia, mara mbili au mara tatu, ili aliyekusudiwa asije akasema hakusikia.

Na haki yake nyengine ni kuwa wifi yangu alikaa nyumbani kwetu, Ibra, miaka sita. Ni dada wa mume wangu, dada wa pekee, amemzidi umri yeye na amenizidi mie. Mumewe wa kwanza alimwacha angali kijana, akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na mto wake wa kulalia. Watoto wangu walikuwa wadogo. Akakaa mpaka alipoolewa tena, Sur, na huko Sur yuko hadi leo, mjane, anakaa na mwanawe. Tangu siku aliyohama, kila Idi huja Ibra siku moja kabla, kwa sababu bokoboko letu halisongwi na mtu mmoja. Mmoja anashika sufuria kwa matambara, mwengine anasonga kwa mwiko mpaka ngano na nyama visijulikane kipi ni kipi. Yeye husonga, mie hushika. Mume wangu haioni Idi bila ya bokoboko lile, na nadhani haioni pia bila ya kutusikia tukigombana chumvi.

Sasa Nizwa.

Harusi ilikuwa ya jamaa zao wa upande wa mama. Mie na binti yangu tulitoka Ibra, wifi yangu alitoka Sur na watu wake, tukakutana ukumbini baada ya sala ya alasiri. Simu zilichukuliwa mlangoni zikatiwa katika mfuko, kama inavyofanywa kwa wanawake, kwa hivyo hakuna picha wala sauti ya siku ile. Nasema hivi kwa kuwa baadaye nilitamani sana kuwe na ushahidi, nijione nilivyosimama.

Mwimbaji alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Maskati, na kinanda cha umeme. Alikuwa akiimba nyimbo za zamani kwa ajili yetu na nyimbo za Kiarabu kwa ajili ya wasichana. Mie na wifi yangu tulikaa kiti kwa kiti. Alikuwa amenishikia nafasi. Tulikula sambusa, tukawasengenya kidogo wenye harusi kwa kuwa halwa ilikuwa laini mno, haikukaa jikoni ya kutosha. Nakumbuka aliniambia, "Wifi, hii si halwa, hii uji." Hilo ndilo neno la mwisho zuri aliloniambia kwa muda mrefu.

Ukaanza wimbo mmoja, sikuushughulikia. Halafu mwimbaji akanyamaza, akaacha kinanda kipige peke yake sauti ya fidla. Hata fidla yenyewe haikuwa fidla. Pale sijui niseme nini. Nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani. Niliona dirisha lenye vyuma na jua limekatika vipande vipande sakafuni. Yalikuwa mambo ya zaidi ya miaka hamsini, na hayakuja moja moja; yalikuja yote kwa pamoja, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba. Nikasimama. Nikatoa noti katika mkoba, nikenda mbele. Mwendo wa hatua kama ishirini. Nilipofika, fidla ilikuwa imekwisha na mwimbaji ameshaingia katika ubeti. Nikamtilia noti mkononi, naye akanitazama kwa furaha, akaurudia ubeti. Halafu akaurudia tena, na mkono ameunyoosha kule nilikotoka.

Ubeti ule unamsema mgeni. Umpe mkeka, atataka kitanda. Umpe kitanda, atataka funguo. Siuandiki kama ulivyo, lakini maana yake ni hiyo, na hapana mtu mzima ukumbini aliyekosa kuielewa. Mie nilikuwa wa mwisho. Niliielewa nilipokuwa narudi, katikati ya ukumbi, nilipoona wanawake wa umri wetu wananitazama mie, kisha wanamtazama yeye. Wengine walikuwa wanajua habari ya miaka sita. Na mie, kwa kuona watu wananitazama, nikatabasamu. Hilo nalo liandikwe.

Nikakaa palepale ubavuni mwake.

"Ahsante, wifi," akasema, sauti ya chini, ya adabu kabisa. "Umechelewa tu. Ungeniambia zamani ningeondoka."

Akajifunika vizuri shela lake, akachukua mkoba, akenda kukaa na watu wa Sur. Wasichana wa meza yetu hawakujua kilichotokea. Waliona bibi mmoja amesimama, bibi mwengine amehama kiti.

Garini binti yangu akaniuliza, "Mama, nyimbo ile ina shida gani? Si nyimbo tu?"

"Wimbo," nikasema.

"Haya, wimbo. Ina shida gani?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo nyinyi mnagombana bila kusema?"

"Ndiyo."

"Na shangazi angejibu vipi?"

"Angesimama kwenye ubeti mwengine."

Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Sikumlaumu. Ukiyasema kwa sauti, katika gari, kwenye barabara yenye malori ya tende na mbuzi wanaotoka mji wa Adam, ni mambo ya kuchekesha.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa dereva wa ofisi ya serikali mpaka alipostaafu, na udereva umemfundisha kusikiliza mengi na kujibu machache. Nilipommalizia habari akasema, "Mie katika nyimbo zenu simo." Baada ya siku tatu, wifi yangu alipokuwa hapokei simu yangu, wala ya kaka yake, mume wangu akaniambia, "Dada yangu ni mmoja tu. Unalijua hilo." Nikasema nalijua. "Basi." Hakuongeza, na sikuwa na haja ya kuongezewa. Idi ilikuwa inakuja.

Sasa ndiyo niandike lililonisimamisha, na hapa msomaji, kama atakuwepo, asiniamini moja kwa moja.

Tulipokuja Oman nilikuwa na miaka minane. Tulifikia Ibra kwa ami yangu, ndugu wa baba, tukapewa chumba cha uani. Baba akenda Maskati kutafuta kazi, mama akabaki na sisi na cherehani yake. Mke wa ami, aliyekuwa akipita mlangoni petu na beseni lake, alikuwa hajui Kiswahili hata neno moja, na Kiarabu cha mama kilikuwa cha msahafu na cha kuamkiana. Kulikuwa na redio, mama ameifunika kitambaa cha kufuma. Kila alasiri alikuwa akiizungusha kuitafuta pwani ya kwetu. Sauti ilikuwa ikija na kupotea. Siku moja ukaja wimbo, na mara ile haukupotea. Mama alikuwa anashona. Akalisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, akatulia, halafu akasimama. Akatazama huku na huku kama anayetafuta kitu. Hakuwa na ua la asumini la kutoa, hakuwa na chochote. Akaivua kastabini kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano isikuchome, akenda akaiweka juu ya redio. Akarudi akakaa.

"Mama, unafanya nini?"

"Namtunza."

"Nani?"

"Huyo. Kaa kitako."

Hakulia. Kama angelia pengine ningelisahau, kwani siku zile watu wazima walikuwa wanalia sana.

Baada ya hapo alikuwa akiuimba kila akishona, kwa puani, mdomo umefumbwa, kwa sababu mdomoni alikuwa na pini. Washonaji wote huziweka pale. Kwa hivyo nilirithi mlio, maneno sikuyapata. Na mie nilipoanza kushona nikawa vilevile. Nashona masuruali ya kike, yale yanayotariziwa miguuni, siku ya Jumatano nayapeleka soko la wanawake. Pini mdomoni, mlio puani, miaka arubaini. Sikuwahi kuufikiria kuwa ni wimbo wenye maneno. Ulikuwa ni sauti ya kazi, kama cherehani yenyewe.

Niliyaona haya kuwa utetezi mzuri, nikataka kuyahakikisha. Nikamwambia binti yangu aniutafutie wimbo katika simu. Akaupata mara moja. Nikamwomba aondoke jikoni, nikaiweka simu juu ya pipa la mchele, nikasimama nikaungojea kama mtu anavyongojea maziwa yachemke.

Hapakuwa na kitu. Fidla ilikuja, ya kweli safari hii, ikapita. Sikusikia harufu wala sikuona dirisha. Nikaurudia. Mara ya pili nikasikiliza maneno, nikayapata yote, hata yale ya ubeti wa kwanza, nayo si mazuri zaidi kuliko yale ya mgeni. Mara ya tatu nikajikuta nafikiria kwamba gesi inakwisha.

Nilikaa kitako jikoni, na hofu ikaniingia kidogo. Kama mlio haunisimamishi, basi Nizwa nilisimamishwa na nini? Kwani sikuwa malaika miaka ile sita. Wifi yangu alikuwa akitia chumvi katika chungu changu bila kuniuliza. Alizipanga upya chupa zangu za bizari kwa namna yake, na hadi leo ziko hivyo. Mwanangu mdogo alipoanguka alikuwa akimwita shangazi kabla yangu. Kuna siku, katika mwaka wa tano, nilimwombea apate mume, niliomba kwa machozi, na sikumwombea kwa ajili yake. Mtu mwenye hayo moyoni anaweza kusimama kwenye ubeti ule na asijue kuwa amejua. Niliandika hivyo katika daftari, na ukurasa huo sikuuchana.

Jumatano ya pili yake nilikuwa sokoni na cherehani ya mkono, namshonea mteja upindo wa suruali anangojea. Pini tatu mdomoni. Upande wa pili wa kipito alikuja msichana wa Tanga, anayefanya kazi katika nyumba moja ya hapa Ibra, ananunua ubani wa bibi yake, na simu yake inaimba mfukoni. Sikuwa nasikiliza. Nilichokijua ni kuwa mteja ananiambia, kwa Kiarabu, "Mama, mbona umesita?" Nikatazama. Kiganja changu kilikuwa juu ya gurudumu, kimelisimamisha, na nilikuwa nimeshainuka nusu. Wimbo ulikuwa katika fidla. Maneno yalikuwa bado.

Sisemi kuwa hilo linanitoa hatiani. Linaonyesha tu kuwa kitu kile hakiji ukikiita, na kinapokuja hakiombi ruhusa. Lakini lilinitosha kumwambia mume wangu jioni ile, "Nipeleke Sur."

"Lini?"

"Kesho."

Akenda kupima upepo wa magurudumu. Ndivyo anavyofurahi.

Tulipita Al Qabil bado mapema, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nikiyapanga naona yamekuwa mazuri mno. Wifi yangu alitufungulia mlango mwenyewe.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Karibuni. Kaka yangu karibu zaidi."

Akatukaribisha majlisi, akaleta tende na kahawa. Akammiminia kaka yake, akanimiminia na mie, kikombe kimejaa kiasi cha heshima. Sina la kumlaumu hapo. Akakaa mbali, mikono juu ya mapaja.

"Umekuja kuniapia?"

"Sikuja kuapa. Nimekuja kukusimulia. Ukisha kusikia utaamua."

"Simulia."

Nikamsimulia chumba cha uani, mke wa ami na beseni lake, redio, mama, kastabini. Sikuipamba. Nilipofika pale mama aliposema "Huyo, kaa kitako," niliona mdomo wake umecheza. Alikuwa amemjua mama yangu.

"Hiyo si ya kutunga," akasema nilipomaliza. "Wewe kutunga hujui. Hata watoto ulikuwa ukiwapa hadithi moja tu, kila siku ileile, sungura yuleyule." Mume wangu akacheka, akatazamwa, akaacha. "Lakini wifi, Nizwa kwangu si kitu. Nizwa nilipata uhakika tu. Mie wimbo ule nimeusikia nyumbani kwako miaka sita."

Sikufahamu.

"Ukikaa kwenye cherehani, mm-mm-mm. Nikiosha vyombo, mm-mm-mm. Nikikunja nguo za watoto wako, mm-mm-mm. Mie nimeondoka Unguja nina miaka kumi na minne, nilikuwa nafuatana na mama kwenye taarab, maneno yake yote ninayo. Nikawa nasema, haya, leo nimeambiwa tena. Siku nyengine nilikuwa naacha sahani na sabuni zake, nakwenda chooni nalia, nanawa uso, narudi namalizia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilikuwa mgeni."

Nilikuwa naiona karo ya jikoni ile ya zamani, pale pa kuoshea vyombo, na mgongo wa wifi yangu. Nilikuwa naujua mgongo ule. Miaka sita ulikuwa mbele yangu nikishona.

"Wifi," nikasema, "nilikuwa na pini mdomoni."

"Pini?"

"Pini za kushonea. Ndiyo maana mdomo nilikuwa nimeufumba. Maneno nilikuwa siyajui. Nimeyajua Nizwa, nilipokuwa narudi kitini."

Akanitazama sana. Halafu akaanza kucheka, si cheko la furaha, lilianzia puani likateremka tumboni, mpaka ushungi ukamtoka. "Miaka sita," akasema. "Ya Rabbi! Miaka sita nimelizwa na pini!" Akamgeukia kaka yake. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kazini," akasema mume wangu.

Ningeweza kuishia pale. Kila kitu kilikuwa kimekaa vizuri na kahawa ilikuwa bado ya moto. Lakini nilikuwa sijamaliza, na kuishia pale kungekuwa kumchukulia msamaha nusu ya habari hajaisikia. Nikamwambia kuhusu chumvi na chupa za bizari, na mwanangu alivyokuwa akimwita yeye kwanza. Nikamwambia dua ya mwaka wa tano, na kwamba sikuiomba kwa ajili yake. Nikamwambia sijui kwa yakini kama hayo hayakuwemo miguuni mwangu niliposimama.

"Ah, mwanamke we," mume wangu akasema. "Na hilo nalo la kusema?"

Wifi yangu akaokota koko ya tende, akaitia kisahanini.

"Hilo la dua nilikuwa nalijua," akasema. "Chumba changu na chako ukuta mmoja. Na mie nilikuwa naiomba ileile. Tukaomba wawili, ikakubaliwa, akaja yule marehemu, Mungu amrehemu, na meno yake mawili." Kisha akasema, bila kucheka, "Lakini ukweli wako mwingi, wifi. Unamchosha mtu."

Tulipoondoka nilimuuliza kama atakuja kwa Idi. "Nitaangalia," akasema. Akampa kaka yake mfuko wa papa mkavu. Alimpa kaka yake, si mie. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Wiki zilizofuata nilishona kimya. Sikujikataza, lakini kila mlio ukianza kuja, ninaona mgongo pale penye karo, nanyamaza. Suruali zilikuwa zilezile, mishono ileile, lakini kazi ilikuwa nzito, na siku moja nilijichoma kidole mara mbili. Nilikuwa nimezoea kumwona mama kwenye mlio ule. Sasa akija, haji peke yake.

Siku moja kabla ya Idi, adhuhuri, mwanawe alimshusha mlangoni na mfuko wake wa nguo. Hakupiga simu kabla. Aliamkiwa na watoto, akapeana mkono na kaka yake, akaingia jikoni moja kwa moja, akafunua chungu cha nyama, akaonja, akatia chumvi.

"Imekosa," akasema.

"Ilikuwa inatosha."

"Kwako wewe."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaondoka zake.

Ngano ilipokuwa imelainika tukaiteremsha sufuria chini. Nikakaa kitako, nikaishika masikio yake kwa matambara, miguu nimeikaza pembeni. Yeye akapiga goti, akaanza kusonga. Mwiko ule una urefu wa mkono mzima. Alisonga, akapumzika, akasonga. Nilikuwa natazama mvuke.

"Mbona kimya?" akasema.

"Nakusikiliza unavyosonga."

"Ulikuwa hukai kimya hapa hata siku moja. Imba."

"Niimbe nini?"

"Unaujua mwengine?"

Sina mwengine, ni kweli. Nikafumba mdomo nikaanza, ukatoka vibaya, nikaanzia mahali si pake. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwengine.

"Siyo hapo," akasema. "Hapo ni mbele." Akaushika yeye, kwa puani, mdomo umefumbwa kama mwenye pini, akisonga kwa mapigo yake. Alikuwa anaujua kuliko mie. Tulipofika katika fidla nikamfuata. Tulipofika pale panapoanza ubeti wa mgeni alisonga kwa nguvu, sufuria ikaruka, na hakuna aliyetia neno.

Halafu akaacha kusonga, akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Wifi, nilitaka kukuuliza tangu Sur," akasema. "Mama yako. Mlikuwa mnakaa kwa watu, chumba cha uani. Na mke wa ami yako alikuwa anapita hapo mlangoni na beseni lake. Siku ile mama yako alitunza wapi? Kwenye fidla, au kwenye ubeti?"

Nilitaka kusema kwenye fidla. Nilikuwa nimesema hivyo moyoni maisha yangu yote. Nikajaribu kumwona tena. Nikaliona gurudumu, nikakiona kiganja, nikaliona jua lililokatika sakafuni, na mama anatafuta kitu cha kutoa katika chumba kisichokuwa na kitu. Redio ilikuwa inasema, hilo najua. Ilikuwa inasema nini, sikusikia.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Nakumbuka kastabini."

Akanitazama, akatikisa kichwa, na sikuona kama amenihukumu.

"Haya. Shika sufuria," akasema, akauchukua mwiko. "Inakwenda."